Barua ya Mkono Haifungwi

Vijana wanaokuja kwangu Mukendo, hapa Musoma mjini, kuuliza habari za kusoma nje hutegemea niwaambie mambo makubwa. Wanakaa, wanapanga vyeti mezani, halafu wananitazama kama vile nataka kupiga ramli. Mimi nawauliza kwanza: barua ya kukuelezea ataandika nani, na bahasha yake atafunga nani? Wengine wanacheka chini chini. Wanadhani mama huyu umri umeanza kumchezea. Haujanichezea. Nilipoteza mwaka mzima kwa sababu ya bahasha, na walionipotezea walikuwa wanaume wawili wenye adabu kuliko wote niliowahi kuwafahamu, pamoja na mimi mwenyewe.

Nimezaliwa kijiji kimoja cha ufukweni, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Kibara. Baba alikuwa mvuvi na mzee wa kanisa. Alisoma mpaka darasa la nne, akawa anasoma Biblia polepole huku kidole kikifuata mstari. Nyumbani kwetu barua zilikuwa na sheria mbili, na hakuna aliyewahi kuziandika mahali.

Ya kwanza: barua ya kupeleka kwa mkono haifungwi. Siku zile za shida barua nyingi zilipita kwa mikono ya watu, maana stempu ilikuwa ya kutafuta na bahasha zenyewe tulizigeuza ndani nje tukazitumia tena. Ukimpa mtu barua akupelekee Bunda, unakunja ile karatasi, unaitia kwenye bahasha, mdomo unauchomeka tu ndani. Ukiufunga mbele yake umemwambia kwamba humwamini. Naye aliyebeba hafungui kamwe. Angeweza, ila hafungui, na hapo ndipo heshima yake ilipo.

Ya pili: barua ikifika nyumbani inasomwa kwa sauti, Jumapili baada ya ibada, wote tukiwa tumekaa. Hakukuwa na barua ya mtu mmoja. Kaka yangu aliwahi kuandikiwa na msichana wa Nyamuswa, nayo ikasomwa. Alikaa akiangalia miguu yake mpaka ikaisha, na baba akasema mwandiko wa huyo binti ni mzuri.

Nilimaliza kidato cha sita Musoma mjini, nikaenda jeshi la kujenga taifa mwaka mmoja kama wenzangu, nikarudi nyumbani kusubiri. Chuo kikuu cha nyumbani sikuchaguliwa. Nilitaka kusoma habari za samaki. Watu walishangaa, kwani samaki si tunawajua? Ila wale tuliowajua ndio waliokuwa wanapotea. Furu niliowala utotoni, wale wadogo wa rangi rangi ambao bibi alikuwa anawapika na nyanya, walikuwa wamekwisha kwenye nyavu za baba, na sangara ndiye aliyejaa. Baba alisema sangara amewala. Mimi nilitaka mtu anionyeshe alivyowala. Anwani ya chuo kimoja cha nje nilikuwa nimeinakili kutoka kwenye jalada la nyuma la gazeti moja kuukuu la maktaba ya shule. Nikaandika, na baada ya miezi fomu zikaja kwa sanduku la posta la kanisa la Bunda.

Fomu zilitaka barua ya mwalimu anayenifahamu. Pembeni paliandikwa wazi: iwe ndani ya bahasha iliyofungwa, na mwandishi atie sahihi yake juu ya pale ilipofungwa. Mstari ule niliusoma na kuuelewa. Kiingereza changu kilikuwa kizuri. Niliupita kama mtu anavyopita sheria za nyumba ya watu wengine, zinazowahusu wao.

Mwalimu wangu wa baiolojia alikuwa amestaafu, amerudi kwao Butiama. Nilipanda lori la pamba mpaka Bunda, nikalala kwa shangazi, kesho yake nikapata gari la kupitia Nyamuswa. Alinipokea vizuri, akaniuliza hali ya wazazi mmoja mmoja, akaingia ndani akaiandika ile barua kwa taipureta ambayo utepe wake ulikuwa umechoka kabisa. Akatoka, akanipa. Mdomo wa bahasha umechomekwa ndani.

Nikamwambia, "Mwalimu, wamesema ifungwe."

"Anabeba nani?"

"Mimi, Mwalimu."

"Sasa nikufungie bahasha wewe, mbele ya macho yako? Kwani umeniibia nini?"

Niliona aibu. Nikamwambia asante, nikaondoka.

Jumapili barua ilisomwa. Mimi ndiye niliyeisoma, nikiitafsiri sentensi kwa sentensi, Kiswahili kwanza kisha Kijita kwa ajili ya bibi. Ilisema kwamba mimi ni mtiifu, msafi, mwenye afya, nimetoka nyumba ya Kikristo, niliimba kwaya, sikuwahi kuleta matata shuleni, na wazazi wangu ni watu wa kuheshimika. Baba alitikisa kichwa kukubali, akasema hapo mwalimu amenena. Mama akauliza kama haiwezekani kuongeza kwamba najua kupika. Bibi alitaka irudiwe pale penye usafi. Ilikuwa siku nzuri, na mimi nilijivuna kimoyomoyo, sitaficha.

Kisha nikakumbuka ule mstari wa kufunga. Nikachukua uji mzito wa muhogo, nikaifunga bahasha vizuri, nikaibana chini ya jiwe la kusagia ikauke. Wao walitaka sahihi juu ya pale ilipofungwa. Kwa kuwa aliyefunga ni mimi, nikatia sahihi yangu. Ya mwalimu sikuighushi, uongo wa namna hiyo ulikuwa dhambi. Nikaipeleka posta na roho safi.

Hapa wale vijana huwa wanashika vichwa. Ndiyo. Nilikuwa na divisheni wani na nilifanya hivyo.

Jibu lilikuja baada ya miezi sita. Lilisomwa Jumapili kama kawaida, na mimi ndiye msomaji, kwa hiyo habari yangu mbaya niliitangaza mwenyewe. Walisema wanasikitika. Barua ya mwalimu hawawezi kuipokea kwa sababu imeonekana imepitia kwa mwombaji, na isitoshe haiwaelezi kama ninaweza masomo yao. Nikitaka, nijaribu tena mwaka unaofuata.

Baba akaniuliza, "Wanasema wewe ni mwizi?"

"Hapana, baba."

"Wanasema mwalimu mwongo?"

"Hapana."

"Sasa wanasema nini hasa?"

"Wanataka aseme maneno ambayo mimi sitayasikia."

Baba alifikiri. "Mtu akiwa na neno jema juu yako, kwa nini alifiche? Na akiwa na baya, si alisemage mbele yako ujirekebishe? Hiyo ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia."

Nilikuwa na hasira na yeye, na mwalimu, na wale watu wa huko, na muhogo. Zaidi ya wote nilikuwa na hasira na mimi, maana mstari niliuona.

Mwaka huo nilifundisha shule ya msingi kwa muda. Ndio mwaka mambo yalipoanza kufunguka. Magari ya barafu yalianza kufika Kibara kuchukua sangara wa viwanda vya Musoma, sabuni ikarudi madukani, mitumba ikaja, na duka moja hapa Mukendo likaanza kuuza bahasha mpya zenye gundi ya kulamba. Nilinunua tatu nikazifunga kwenye mfuko wa nailoni. Na kingine kilichofunguka ni midomo ya wachumba. Watu wa ukoo mmoja wa Nyamuswa, wafugaji wenye ng'ombe wengi, walikuja kuzungumza na baba juu yangu. Kijana wao hakuwa mbaya. Baba aliwaambia wangoje jibu la pili la chuo. Likiwa hapana, waje. Nikajua basi nina bahasha moja tu katikati ya maisha haya na yale.

Nikarudi Butiama peke yangu. Nikamweleza mwalimu kila kitu, na kile walichosema juu ya barua yake nikakilainisha kidogo. Hakukasirika. Alisikitika zaidi ya nilivyotegemea.

"Ile niliandika kwa kujua itasomwa mbele ya baba yako," akasema. "Ningekusifu akili mbele ya wazazi, ningekuwa nakuharibu. Na wangedhani nataka kitu."

"Sasa andika nyingine, Mwalimu. Uifunge."

"Binti yangu, mimi kwa baba yako nimekula. Nikimsema mtoto wake kwenye bahasha iliyofungwa, na akajua nimefanya hivyo, atanielewaje? Mimi siyo mchonganishi. Wa kuniondolea hilo ni yeye, siyo wewe."

Nilirudi nyumbani nimechoka mwili na akili. Nikamweleza baba. Hakunijibu. Alikwenda ziwani siku tatu, na kila akirudi alishona nyavu bila kusema jambo. Mama aliniambia nimwache, asiyejibu hajakataa. Siku ya nne asubuhi nilimkuta amevaa koti lake la kanisani. Akasema twende.

Butiama tulifika mchana. Wazee wawili walisalimiana kwa kirefu: mvua, pamba, magonjwa ya ng'ombe, nani amefariki, mchungaji mpya anahubirije. Mke wa mwalimu alileta uji na karanga. Mimi nilikaa mkekani pembeni nikizihesabu karanga. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na maisha yangu yalikuwa yanasubiri habari za ng'ombe ziishe.

Hatimaye baba akaweka kikombe chini. "Mwalimu, nimekuja kukupa ruhusa umseme mwanangu mimi nisipokuwepo."

"Mzee, hilo ni zito."

"Ni zito. Nimelibeba toka kwangu mpaka hapa, nalijua uzito. Andika. Ukimsifu usiniambie, na ukimponda usiniambie."

"Na nikiulizwa siku za mbele?"

"Mimi sitakuuliza."

Mwalimu akasimama, akaingia ndani. Taipureta ikaanza. Safari hii aliandika kwa muda mrefu sana, anasimama, anaendelea. Baba alikuwa amekaa ameelekeza sikio, kama anayesikiliza mtu anaongea lugha asiyoijua. Baadaye akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mbona anaandika sana? Ana nini cha kusema hivyo?" Nikamwambia sijui, baba. Na kweli sikujua, na mpaka leo sijui. Vijana hudhani niliisoma baadaye huko. Sikuisoma.

Mwalimu alitoka na bahasha yangu mpya, imelambwa, imefungwa, sahihi yake imepita juu ya mdomo. Mimi hakunipa. Alimpa baba, kwa mikono miwili, na baba akaipokea kwa mikono miwili. Hakuna aliyemwangalia mwenzake usoni.

Barabarani tukingoja gari la kwenda Musoma, baba aliitia kwenye mfuko wa ndani wa koti na akawa anapapasa mara kwa mara kama ipo. Akasema, "Asiyekuwepo na lake halipo. Basi mimi hapo sipo." Hakulalamika. Alisema kama anavyosema upepo umegeuka. Lakini mimi nilijua ni kweli, na ni mimi niliyemwomba asiwepo. Posta alitaka kuiweka mwenyewe kwenye kile kitundu. Alipoiachia aliinama kusikiliza kama imefika chini.

Jibu lilikuja mapema zaidi mara hii. Baba mwenyewe alilichukua Bunda, akakaa nalo toka Alhamisi bila kulifungua. Jumapili tukakaa wote kama siku zote, bibi mbele kwa sababu ya masikio yake. Nikanyoosha mkono niisome ile barua. Baba akanipa, kisha akasema, "Hii usiisome hapa."

Watu wakamwangalia.

"Nenda nayo. Soma mwenyewe. Ukimaliza utaniambia unachotaka nijue."

Wengine wangefurahi. Mimi nilijisikia kama nimetolewa nje ya nyumba. Nilikwenda nyuma, kwenye vichanja vya kuanikia samaki, nikaifungua nimesimama. Walikuwa wamenikubali. Masomo watagharimia, chakula na malazi watagharimia, nauli ya kwenda watatuma. Halafu kulikuwa na aya ya tatu, fupi. Nauli ya kurudi watatoa mara moja tu, mwishoni mwa masomo, baada ya miaka minne. Katikati hapo, kila mtu na lake.

Niliisoma aya hiyo labda mara tano. Nilijua ingesomwa pale mbele, Kiswahili kwanza kisha Kijita, bibi angeuliza miaka minne ni mingapi, mama angenyamaza, na baba angesema tunalifikiria. Na nilijua baba akifikiria sana huwa anakataa. Baba mwenyewe alikuwa amenipa mlango. Nikarudi mbele ya nyumba nikasema, "Wamenikubali. Wanalipa kila kitu."

Bibi akapiga vigelegele. Baba akasema tumshukuru Mungu, tukaomba. Hakuna aliyeniuliza kingine. Yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kuuliza, na hakuuliza.

Wazo lake lilikuwa kwamba chuo ni kama bweni la Musoma: unakwenda Januari, Desemba unakuja. Nilijua anawaza hivyo. Siku ya kuondoka, stendi ya Bunda, aliniambia mwezi wa kumi na mbili nikija nimletee wembe wa kunyolea wa huko. Nikasema sawa, baba. Nilijiambia nitamwandikia nikifika, barua itakuwa rahisi kuliko uso. Nikafika. Nikamwandikia habari za theluji, mkate, na maabara ambamo niliwakuta furu wetu, ndani ya chupa za dawa, na majina yao ya Kilatini. Hilo la miaka minne nilisema nitaliandika barua inayofuata. Ikafuata nyingine, na nyingine.

Alifariki nikiwa mwaka wa tatu. Barua ya mama ilinifikia amekwisha zikwa wiki tano. Nilikwenda darasani siku ile. Sikujua jambo lingine la kufanya.

Niliporudi, mama ndiye aliyenieleza, bila kunilaumu, tukiwa tunachambua dagaa. Desemba ya kwanza baba alikwenda Kibara siku nne mfululizo kuangalia magari yanayotoka Bunda. Desemba ya pili alikwenda tena. Watu walimwambia aniandikie aniulize, kalamu si anayo. Akawaambia hapana.

Kwa hiyo nikimaliza habari za bahasha na vyeti, nawaambia vijana jambo moja zaidi. Barua ya kukubaliwa ikija, msomee mzazi wako yote, mpaka ile aya utakayotamani kuiruka. Hiyo hasa. Wananiitikia ndiyo mama, huku wameshashika begi.

Barua za baba ninazo, kumi na moja, mwandiko wake mwenyewe wa kukaza kalamu. Zina mvua, bei ya sangara, nani ameolewa, nani ameanguka na baiskeli, salamu za mwalimu. Nimezisoma zote zaidi ya mara moja nikitafuta swali. Hakuna hata moja aliponiuliza narudi lini. Alikuwa amesema nitamwambia ninachotaka ajue, na akalishika neno lake mpaka mwisho.